Chama cha Walimu wa Muziki Kimsaidieje Mwanachuo Aliye Mazoezini?

Swali: Mimi ni katibu wa chama kidogo cha walimu wa muziki katika kaunti moja ya magharibi mwa Kenya. Wanachama wetu wengi hufundisha shule za upili, na mfuko wetu si mkubwa. Kila mwaka wanachuo wa ualimu hutumwa katika shule za kaunti yetu kwa mazoezi ya kufundisha. Baadhi hutujia kuomba msaada, nasi huwaalika kwenye semina yetu ya mwaka na kuwapa cheti cha kuhudhuria. Tunahisi hayo hayatoshi. Je, chama kama chetu kinaweza kuwafanyia nini cha maana walimu hawa watarajiwa?

Jibu: Mwalimu Katibu, nakushukuru kwa swali hili, na nakushukuru zaidi kwa kukiri kwamba cheti cha semina hakitoshi, kwa maana vyama vingi huridhika hapo. Nitakujibu kwa mujibu wa hali ya Kenya, ambayo ndiyo unayoishughulikia, ingawa mengi nitakayoyasema yatawafaa pia wenzetu wa Tanzania na Uganda.

Tuanze na jambo moja ambalo ndilo msingi wa ushauri wangu wote. Mwalimu wa muziki, tofauti na mwalimu wa Kiswahili au wa hisabati, karibu kila mara yuko peke yake shuleni. Mwanachuo wa hisabati akifika kwenye shule ya mazoezi hukuta idara, hukuta mwenyekiti wa idara, hukuta walimu watatu au wanne waliofundisha mada ileile juzi na jana, naye hujifunza kwa kukaa nao tu katika chumba cha walimu. Mwanachuo wa muziki hukuta mwalimu mmoja, na pengine hamkuti hata huyo, kwa kuwa shule ilimwomba chuoni hasa kwa sababu nafasi ya somo hilo ilikuwa wazi. Mhadhiri anayekuja kumkagua naye si lazima awe mwanamuziki. Vyuo hugawa wakaguzi kulingana na njia na ratiba, na mhadhiri wa historia au wa jiografia anaweza kukaa nyuma ya darasa la muziki na kujaza fomu yote bila kuwa na njia ya kujua kama wanafunzi waliimba sawa au waliimba kombo. Kwa hiyo mahali pekee ambapo walimu wa muziki hupatikana wakiwa wengi ni katika chama. Mnachoweza kumpa mwanachuo, ambacho chuo hakikipati kwa urahisi na shule haina kabisa, ni masikio ya watu wanaoifahamu kazi hii.

Nieleze kwa mfano ambao kila mkaguzi wa muziki ameuona kwa namna moja au nyingine. Mwanachuo yuko darasani, na somo la siku hiyo ni imla ya melodia, yaani wanafunzi wasikie melodia fupi na kuiandika. Ameandaa mpango wa somo vizuri, ubao ni safi, sauti yake inasikika. Anapiga melodia yote kwenye kinanda mara nne, tangu mwanzo hadi mwisho, kisha anasubiri. Wanafunzi wachache waliosoma piano wanaandika. Wengine wanatazama karatasi tupu. Mkaguzi asiye mwanamuziki ataandika kwamba darasa lilikuwa tulivu na mwalimu alitumia kifaa cha kufundishia. Mwalimu wa muziki mwenye uzoefu ataona papo hapo kwamba darasa halikuimbishwa ngazi ya sauti kabla ya kuanza, kwamba hakuna aliyepewa do, yaani sauti ya kwanza ya ngazi hiyo, ya kushikilia, kwamba mapigo hayakuhesabiwa kwa mkono, na kwamba melodia ilipaswa kukatwa vipande, waandike mapigo kwanza, kisha wapate sauti ya mwisho, kisha warudi mwanzoni. Ni marekebisho ya dakika tano. Lakini mwanachuo asipoambiwa na mtu, anaweza kuondoka shuleni akiamini kwamba imla ni kipaji ambacho baadhi ya watoto wanacho na wengine hawana, na akaendelea kuiamini imani hiyo kazini miaka yote.

Kwa sababu hiyo, pendekezo langu la kwanza, na ambalo ningelitanguliza hata kama chama chenu kingekuwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu, ni kwamba kila mwanachuo wa muziki anayeingia katika kaunti yenu apewe mwanachama mmoja wa kumlea kwa muhula mzima. Mlezi huyo asimpe alama. Hili nalisisitiza, kwa kuwa mwanachuo akijua kwamba anapimwa atamwonyesha mlezi somo lake lililo bora, na anayehitaji kusaidiwa ni yule wa somo lililomshinda. Anachokiandika mlezi kikabidhiwe mwanachuo mwenyewe, kisipelekwe chuoni wala kwa mwalimu mkuu. Makubaliano haya yaandikwe katika barua fupi ambayo chuo, shule na chama watakuwa na nakala yake, ili pasiwe na mkanganyiko kuhusu nani ana mamlaka gani darasani.

Najua kikwazo mtakachokitaja: walimu hawawezi kuacha vituo vyao vya kazi katikati ya juma kwenda kumwangalia mwanachuo wa shule nyingine. Ni kweli, na msipange jambo linalotegemea ruhusa ambayo haitatolewa. Ziara moja ya mlezi katika shule ya mwanachuo kwa muhula inatosha ikiwa imeandaliwa, na ziara moja ya mwanachuo katika darasa la mlezi ni ya thamani kubwa vilevile, kwa maana wengi wao hawajapata kumwona mwalimu mzoefu akifundisha muziki kwa kidato kizima tangu walipokuwa wanafunzi wenyewe. Kwa siku nyingine zote simu itumike. Mwanachuo arekodi dakika tatu za darasa likiimba, kwa idhini ya mwalimu mkuu na bila kupiga picha za watoto, amtumie mlezi jioni, naye mlezi ajibu kwa sauti: besi wameburuta mapigo kuanzia ubeti wa pili, wape kupiga makofi kwanza, sauti watie baadaye. Ushauri wa namna hiyo, ukitolewa siku ileile, unazidi hotuba ya saa nzima katika semina ya mwaka. Fedha mnazotumia kuchapisha vyeti na mabango ningeshauri mzigeuze kuwa nauli ya wanaokwenda kutembeleana, na chama kisikubali kamwe nauli hiyo itoke mfukoni mwa mwanachuo.

Jambo la pili linahusu Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lilianza mwaka 1927 na ambalo, kwa mtazamo wangu, ni chuo kikubwa zaidi cha ualimu wa muziki tulicho nacho nchini, ingawa halijapata kutumiwa hivyo kwa mpango. Wanachuo wengi huwa shuleni katika muhula wa pili, wakati uleule ambao mashindano yanapanda kutoka ngazi za chini hadi kaunti, kanda na hatimaye taifa. Ingetarajiwa basi kwamba mwanachuo wa muziki ndiye atakayeonja kazi yenyewe: kuchagua wimbo unaolingana na sauti za watoto, kugawanya sauti, kufundisha kipande cha lazima, kuongoza jukwaani. Mara nyingi sivyo. Shule inayotaka ushindi hukodi mkufunzi kutoka nje, na mwanachuo hubaki kuhesabu sare na kupanga watoto kwenye basi. Siwalaumu walimu wakuu, maana wanabanwa na wazazi na bodi; wala siwalaumu wakufunzi wa kukodi, ambao wengi ni mahodari na wanajipatia riziki halali. Lakini kaunti nzima wakufunzi hao ni watu wachache, na bila shaka baadhi yao ni wanachama wenu. Chama kinaweza kupitisha azimio kwamba mwanachama anayekodishwa na shule yenye mwanachuo wa muziki atamchukua mwanachuo huyo kuwa msaidizi wake, atamwachia angalau wimbo mmoja auandae tangu mwanzo, na atamweleza sababu ya kila analolifanya. Azimio hilo halihitaji fedha, na chama pekee ndicho kinachoweza kulipitisha.

Tena, ombeni kamati ya tamasha katika ngazi yenu iwaruhusu wanachuo kuketi pamoja, mbali na meza ya waamuzi, wakiwa na karatasi za maoni kama zile zinazotumiwa na waamuzi. Kila kwaya ikimaliza, mwanachuo aandike maoni yake na alama ambayo angeitoa. Matokeo yakishatangazwa na pingamizi zikishaisha, mwamuzi mmoja mstaafu au mwanachama mwenye uzoefu wa uamuzi akae nao saa moja walinganishe. Wataona ni mambo gani ambayo masikio yao yaliyapita: kwamba kwaya iliyowapendeza kwa miondoko ilishuka sauti nusu toni kabla ya mwisho, au kwamba wimbo wa kitamaduni uliowachosha ulikuwa umeimbwa kwa lafudhi na mpangilio wa wenyewe, bila kupambwa. Usikivu wa aina hiyo haufundishwi vitabuni. Sharti ni kwamba karatasi za wanachuo zisitoke nje ya chumba hicho, kwa sababu tamasha letu lina malalamiko ya kutosha bila kuongezewa orodha ya pili ya matokeo.

Hapo ninaingia katika suala la muziki wa jadi, ambalo sitalipita haraka kwa kuwa eneo lenu ni tajiri mno. Mwanachuo anaweza kuhitimu akijua kwamba nyatiti ina nyuzi 8 na kwamba ni chombo cha Waluo, akaweza hata kuichora, bila kuwahi kukaa karibu na mpigaji akaona jinsi pete ya chuma ya kidole gumba cha mguu, oduong'o, inavyogonga chombo na kutoa mapigo huku njuga za gara zikilia mguuni, vidole vikicheza nyuzi na mdomo ukiimba utungo ambao hauendi sambamba na lolote kati ya hayo. Akishaona, hataifundisha tena kama orodha ya sehemu za chombo. Atawaanzisha watoto kwa mguu, kisha mkono, kisha sauti, kama mafundi wenyewe wanavyofanya. Hali ni hiyo kwa ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, ambazo uchezaji wake UNESCO iliuingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka: ngoma tatu za ukubwa tofauti, kila moja na kazi yake, na mtu hawezi kuelewa mazungumzo kati yake kwa kusoma aya moja kitabuni. Chuo cha mjini hupata shida kumfikia fundi wa isukuti, ilhali nyinyi mnamjua kwa jina, na huenda mtoto wake anasoma shuleni kwenu. Pangeni Jumamosi mbili katika muhula ambapo wanachuo watakwenda kwa fundi, au fundi atakuja shule iliyo katikati, na mlipeni. Mzee anayekuja kufundisha ni mwalimu kama wengine. Kumpa soda na shukrani ni kumdharau, na vijana wanaotazama watajifunza dharau hiyo kama wanavyojifunza mapigo.

Kuhusu vyombo vya muziki vya darasani nitasema kwa ufupi tu. Kama chama kinaweza kupata kasha moja la filimbi za rekoda, kinanda kidogo cha umeme na ngoma mbili, vikazunguka kwa wanachuo waliotumwa shule zisizo na chochote, mtakuwa mmefanya jema. Awepo mtu mmoja wa kuweka daftari la kutoa na kurudisha, na rekoda zioshwe kwa maji ya sabuni kila zinapohama. Zaidi ya hapo, wafundisheni kutengeneza. Kayamba ya mabua na mbegu haigharimu kitu, na darasa linalojitengenezea kayamba 20 lina vyombo vya kutosha kufundishia mapigo mwaka mzima.

Sasa kuna jambo ambalo linawatia wanachuo wa leo wasiwasi kuliko miaka ya nyuma, nalo ni mabadiliko ya mtaala. Walio vyuoni sasa walisoma muziki chini ya mfumo wa 8-4-4, wakafanya mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza shule ya upili, wenye karatasi tatu, ya vitendo, ya usikivu na ya nadharia na historia, na wengi wataumaliza mwaka wao wa mazoezi kabla mtihani huo haujafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027. Lakini kazi yao ya maisha itakuwa katika mtaala wa umilisi, ambao ulifika Gredi ya 10 Januari 2026, wenye mkondo maalumu wa sanaa na sayansi ya michezo. Katika sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, muziki haumo tena peke yake. Umeunganishwa na uchoraji, maigizo na michezo kuwa somo moja. Maana yake ni kwamba mwanachuo wa muziki anaweza kujikuta akitakiwa kufundisha kuchora na mpira wa wavu, na upande wa pili mwalimu wa michezo akatakiwa kufundisha solfa, yaani kuimba kwa do, re, mi. Hapa chama kisisubiri wizara. Itisheni kikao cha pamoja na walimu wa uchoraji na wa michezo wa kaunti yenu, mbadilishane mafunzo kwa vitendo, na wanachuo wawe sehemu ya kikao hicho tangu mwanzo, kwa sababu wao ndio watakaoishi na mpangilio huu kwa miongo mitatu ijayo. Mkiwafundisha tu mbinu za mtihani unaoondoka, mtakuwa mmewaandaa kwa shule ambayo haitakuwapo.

Nimeulizwa mara kadhaa kama wanachuo waingizwe chamani kama wanachama au wabaki wageni. Jibu langu ni kwamba waingie, kwa ada ndogo sana au bila ada, na wapewe kiti chenye kura katika kamati. Chama cha walimu wa muziki cha Marekani, kilichoanzishwa Keokuk, Iowa, mwaka 1907, kina matawi ya wanachuo ndani ya vyuo vyao, yenye viongozi wanaochaguliwa na wanachuo wenyewe, na faida yake ni kwamba kijana anajifunza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu na kutunza hesabu kabla hajaajiriwa. Shirika la Kimataifa la Elimu ya Muziki, ISME, lililozaliwa Brussels mwaka 1953, nalo lina ada ya chini kwa wanafunzi. Sisemi mnakili muundo wao, kwa kuwa kaunti moja haihitaji tawi katika kila chuo; wawakilishi wawili, mmoja wa chuo cha diploma na mmoja wa chuo kikuu, watatosha kuwaambieni mambo ambayo nyinyi mlio kazini miaka 15 mmeyasahau. Watawaambia, kwa mfano, kwamba mwanachuo hupewa vipindi vyote vya mwalimu mwenyeji siku anayofika, na kwamba baadhi yao hawajui kama wana haki ya kukataa.

Hilo linanileta kwenye yale ambayo chama hakipaswi kuyafanya. Kisimgeuze mwanachuo kuwa kibarua wa kubeba viti na kugawa chai kwenye semina, kisha kikahesabu kwamba kimemsaidia. Kisimlipishe kwa barua ya kumtambulisha. Na kwa kuwa uhusiano wa mlezi na mwanachuo ni wa mtu mwenye uwezo na mtu mwenye haja, ziwepo kanuni zilizoandikwa na kutiwa saini na kila mlezi: mazungumzo yafanyike shuleni au mahali pa wazi, pasiwe na mikopo wala zawadi, na awepo mwanachama mmoja, ikiwezekana mwanamke anayeheshimika, ambaye mwanachuo yeyote anaweza kumpigia simu akiona mambo hayako sawa. Chama kinachoona haya kulizungumzia hili hakiko tayari kulea vijana wa watu.

La mwisho katika ushauri wangu ni kipindi ambacho hakuna anayekishughulikia, yaani kati ya kuhitimu na kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Kipindi hicho kinaweza kuwa cha miaka, na hapo ndipo tunapowapoteza walimu wa muziki. Kijana aliyefundishwa kwa gharama na upendo huingia biashara nyingine, kinanda anakiuza, na shule iliyo kilomita chache kutoka kwao inaendelea kufuta muziki kwenye ratiba kwa kukosa mwalimu. Mwacheni aendelee kuwa mwanachama bila ada mpaka apate mshahara wa kwanza. Wekeni orodha ya wahitimu wasio na kazi na masomo yao mawili ya kufundisha, maana shahada nyingi za ualimu hapa kwetu huwa na masomo mawili, na mwalimu mkuu anayetafuta mtu wa kuajiriwa na bodi ya shule kwa ajili ya Kiswahili anaweza kushawishika kumchukua aliye na Kiswahili na muziki. Katibu mwenye orodha hiyo mkononi anaweza kufanya kazi ya kuajirisha watu kwa simu mbili.

Kama mtaniuliza mwanzie wapi, anzeni na ofisi ya mazoezi ya kufundisha ya kila chuo kinachotuma wanachuo kwenu. Andikeni barua miezi miwili kabla ya muhula kufunguliwa, muombe orodha ya wanachuo wa muziki na shule walizopangiwa, na mweleze kwamba mtampa kila mmoja mlezi asiyetoa alama. Wanachuo wenyewe waulizwe kwanza kama wanaridhia majina na namba zao kupewa chama. Orodha ikifika, ketini kamati nzima mgawane majina kwa kuangalia umbali wa barabara na si vyeo, na kila mlezi ampigie mwanachuo wake simu kabla hajapanda gari la kwenda shuleni, amwambie nani atampokea, darasa lina watoto wangapi, kinanda kipo au hakipo, na wanafunzi waliishia wapi.